Joto la Nyumba Wakati wa Baridi



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linalomhusu kila mwenye nyumba katika nchi ya juu ya Kenya, awe anakaa katika chumba kimoja mjini Nairobi au katika shamba lake Kinangop. Jambo lenyewe ni baridi ya miezi ya Juni, Julai na Agosti, na jinsi ya kuitia nyumba joto bila ya kuitia hatari.

Watu wa Pwani huyaita majira haya kipupwe, nao huyafurahia, maana upepo wa kusi huwapunguzia joto. Sisi wa bara hatuna furaha hiyo. Kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo hewa ipoavyo, kiasi cha digrii 6 kwa kila mita 1,000. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru na Kinangop zimepita mita 2,000. Tena katika mwezi wa Julai mawingu hutanda siku nyingi, na jua halipati nafasi ya kuipasha ardhi moto.

Lakini majira haya si ya hasara tupu. Wazee wa Kikuyu waliziita mvua kwa majina ya mazao: mvua ndefu ni mvua ya njahi, na mvua fupi ni mvua ya mwere, yaani mawele. Baridi iko baina ya mvua hizo mbili. Kazi kubwa ya kupalilia imekwisha, chakula chaingia ghalani, na watu hukaa ndani mapema. Huko Uingereza na nchi nyingine za kaskazini wana majira yanayofanana na haya tangu Septemba mpaka Novemba, majani ya miti yaangukapo. Hayo ndiyo majira yao ya kuweka akiba, kutengeneza bustani, na kufuma sufu kabla baridi kuu haijawafikia. Sisi nasi twaweza kuifanya baridi yetu kuwa majira ya kazi za nyumbani.

Yafaa kwanza tufahamu jambo moja. Joto hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuwasha moto. Njia ya pili ni kulihifadhi joto lililokwisha kuwapo, katika mwili, katika chungu, na katika udongo. Njia ya kwanza kila mtu aijua. Nayo yala fedha, na mara nyingine yala watu. Nitaanza na hiyo ya pili.

KAZI YA SUFU

Sweta halina moto ndani yake. Joto ni la mwili wako mwenyewe. Kazi ya sweta ni kulizuia lisitoroke. Nyuzi za sufu zimejikunja, na katika mikunjo hiyo hewa hukaa imetulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Tena sufu yaweza kunywa unyevu hata karibu theluthi ya uzito wake, na aliyeivaa asijione kuwa amelowa. Ndiyo sababu inawafaa wachungaji na watu waendao kazini alfajiri katika ukungu.

Kufuma si jambo geni kwetu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanza mwaka 1952, kilifundisha kufuma, kushona na kupika katika vikundi vyake. Na kabla ya hapo mama zetu wa Kikuyu na wa Kamba walikuwa wakisuka viondo, kazi itakayo vidole vyepesi na hesabu isiyopotea. Mwenye kujua kusuka kiondo hatashindwa na kofia ya mtoto.

Anayeanza asianze na sweta, bali na kofia ya mtoto mchanga, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa kadiri ya mwili wake, na joto jingi hutokea hapo. Fuma kwanza kipande kidogo cha kujaribu, kisha uhesabu vitanzi vilivyomo katika upana wa sentimeta 10. Tuseme ni 20. Pima kichwa cha mtoto. Tuseme ni sentimeta 45. Punguza sentimeta 3 ili kofia imshike, zibaki 42. Basi utaanza na vitanzi 84. Hesabu hii ni ya dakika mbili, nayo yaokoa kazi ya siku mbili.

Asiyekuwa na fedha za uzi mpya na atafute sweta kuukuu sokoni, alifumue. Uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali panne usijitatanishe, uuoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha uutundike na kitu kizito kidogo chini yake mpaka ukauke na kunyoka. Usitumie maji ya moto wala kuisugua sufu kwa nguvu, kwa maana itaganda na kunywea, na vazi la baba litamtosha mtoto.

Jueni pia kwamba nyuzi nyingi ziuzwazo madukani kwa jina la sufu si sufu, bali ni akriliki, iliyotengenezwa viwandani. Nayo ina joto, tena ni rahisi, lakini haipendani na moto. Ukitaka kujua, kata kipande kifupi, ukishike kwa koleo nje ya nyumba, ukiwashe. Sufu huungua polepole kwa harufu ya nywele, na majivu yake husagika vidoleni yakiisha kupoa. Akriliki huyeyuka ikawa tone gumu. Mtoto aliyevaa nguo ya namna hiyo asiachwe kabisa karibu na jiko.

CHAKULA NA KIKAPU CHA JOTO

Katika baridi mwili hutaka chakula cha moto, nacho kinapatikana karibu: githeri ya mahindi na maharagwe, viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya maboga, uji wa wimbi asubuhi. Githeri ni chakula cha akili sana, kwa kuwa kilichopungua katika mahindi kimo katika maharagwe, na kilichopungua katika maharagwe kimo katika mahindi. Shida yake ni moja tu: huchukua muda mrefu motoni, na kuni na mkaa vina bei.

Hapa nawaletea shauri la kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa chenye mfuniko. Ndani yake tandika matambara ya sufu, mablanketi yaliyochakaa, au majani makavu ya migomba, unene wa kiganja pande zote na chini, ukiacha nafasi ya sufuria katikati. Shona mto wa matambara wa kufunika juu. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa nguvu kwa nusu saa. Usipunguze muda huo, kwa sababu maharagwe mekundu yasiyochemshwa vizuri yana sumu inayoharibu tumbo. Sufuria ingali inatokota, itie ndani ya kikapu pamoja na kifuniko chake, uifunike kwa mto, usiifungue. Baada ya saa tatu au nne itoe, uirudishe motoni ichemke tena mpaka chakula kiive. Mahindi makavu sana yatataka moto zaidi; wali na mchuzi hutaka kidogo tu. Chakula kisiachwe kikapuni mpaka kipoe, kwani chakula cha vuguvugu huharibika upesi.

Mmeona, basi, kwamba kikapu hiki ni sweta la sufuria. Kazi yake ni ile ile.

BUSTANI

Bustani ya nyuma ya nyumba isilale kwa sababu ya baridi. Sukuma wiki, kabeji, karoti, vitunguu na dania huvumilia. Viazi ndivyo vya kuangaliwa sana, kwa maana ugonjwa wa ukungu wa majani hupenda baridi na unyevu, nao waweza kulimaliza shamba kwa siku chache. Usimwagie majani maji wakati wa jioni. Panda kwa nafasi ili upepo upite. Na mmea uliougua ung'oe uupeleke mbali.

Katika mabonde ya juu kuna pia jalidi, yaani umande uliogeuka barafu. Jalidi huja usiku wa anga safi usio na upepo, kwa hiyo mara nyingi hutupata katika miezi mikavu ya Januari na Februari kuliko chini ya mawingu ya Julai. Uonapo dalili zake, tia maji udongoni wakati wa mchana, kwa kuwa udongo wenye maji huhifadhi joto zaidi, na jioni funika miche kwa magunia, uyatoe asubuhi. Na huu ndio wakati wa kurundika mabaki ya mboga, majani na samadi, na kuyageuza mara kwa mara, ili mbolea iwe tayari kabla ya mvua ya Oktoba.

HATARI YA JIKO CHUMBANI

Sasa nafika katika neno lililonifanya niseme leo. Katika miezi ya baridi, mwaka baada ya mwaka, twasikia habari ya watu waliolala wazima na kukutwa wamekufa asubuhi, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa matambara, na jiko la mkaa katikati ya chumba. Hawakuuawa na mchawi wala na mwizi. Waliuawa na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikakosa nafasi ya kuichukua hewa njema. Watu wengi husema, "Mkaa wangu umeshika vizuri, hauna moshi." Hilo ndilo kosa. Makaa mekundu yasiyofuka moshi yangali yanatoa sumu hiyo. Jiko la udongo na bati lililoenea katika miaka ya 1980 hupunguza mkaa utumikao, lakini halikuondoa sumu. Wala karai la maji kando ya jiko haliiondoi.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na kulegea viungo, kisha usingizi. Watu wote wa nyumba wakiumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, msiseme ni homa. Fungueni mlango na madirisha, mtoeni kila mtu nje, kisha mpelekeni mgonjwa hospitali bila kukawia, hata akisema amepona. Watoto wachanga na mama wajawazito wako katika hatari kubwa zaidi.

Methali yatuambia kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ni maneno ya kweli, lakini mahali penye moto tundu la hewa si ufa, ni mlango wa uhai. Pikeni penye kupita hewa, na kabla ya kulala litoeni jiko nje, hata kama makaa yaonekana kama majivu.

Najua mama mwenye watoto wanne katika chumba cha mabati ataniuliza, "Nao watalala vipi bila moto?" Swali lake ni la haki, na kwa ajili yake nimeanza na sindano na kikapu. Kofia, soksi, na uji wa moto kabla ya kulala. Magunia makavu chini ya godoro. Watoto wawili katika blanketi moja: hayo yote huhifadhi joto mpaka asubuhi, na hakuna hata moja linaloua. Haba na haba hujaza kibaba.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, kila mmoja wenu na aangalie jiko liko wapi. Na mkimwona jirani akiingiza lake chumbani, msione haya kumgongea mlango.