Sikio na Kalamu: Safari ya Jina la Huber



Nilipoingia kidato cha kwanza niliitwa ofisini nieleze kwa nini jina la babu yangu lina "kh" kwenye cheti cha kuzaliwa na "h" peke yake kwenye cheti cha darasa la saba. Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani baba hakushtuka. Alisema karani wa kwanza alipita chuoni kwa maalimu, wa pili hakupita. Kisha akaniuliza, "Wakiliita hilo jina, unaitika?" Nikasema naitika. "Basi ni lako." Swali lile la baba ndilo lililonifanya niyafuate majina kwa miaka yote hii, na usiku huu nataka kulipeleka mbali na kwetu, kwenye mashamba ya mizabibu karibu na mto Rhine, kwa jina ambalo wengi wenu mnalijua bila kujua kwamba ni la Kijerumani.

Jina lenyewe ni Huber. Zamani, katika nchi za Kijerumani, "Hube" kilikuwa kipimo cha shamba: ardhi ya kutosha kulisha kaya moja na watu wake wa kazi. Ukubwa wake ulitofautiana, maana udongo hautoi mavuno sawa kila mahali. Mwenye kulishika shamba hilo aliitwa Huber. Huko Bavaria ngazi zilikuwa wazi kabisa: aliyekuwa na shamba zima alikuwa Maier, mwenye nusu yake Huber, mwenye robo Lehner. Fikirini maana yake. Majina haya yalikuwa orodha ya kodi kabla hayajawa majina ya ukoo. Msimamizi wa bwana mkubwa alitaka kujua nani anadaiwa magunia mangapi, na jibu la swali hilo likamganda mtu, likawaganda na watoto wake, hata wale ambao hawakurithi ardhi yoyote. Kaskazini na mashariki, ambako kipimo hicho kiliitwa "Hufe", watu wa namna hiyo hiyo wakawa Hufner na Hübner.

Kwa hiyo kina Huber hawakutoka kwa babu mmoja. Kila bonde lenye mashamba ya kipimo hicho lilizaa kina Huber wake, ndiyo maana leo jina hili limejaa Bavaria, Uswisi na Austria, ambako linazidiwa na Gruber peke yake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila mwaka ninapokea wageni wanaotaka nionyeshe kwamba watu wawili wenye jina moja ni damu moja. Jina la cheo cha shamba haliwezi kutoa ushahidi huo.

Tuufuate basi ukoo mmoja tu. Chimbuko lake la mbali ni Oberkulm, katika jimbo la Aargau nchini Uswisi. Kutoka huko ukahamia Ellerstadt, kijiji cha eneo la Palatinate, upande wa magharibi wa Rhine. Uhamiaji huo haukuwa wa ajabu. Vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 hadi 1648, vilikuwa vimeifanya Palatinate kuwa nchi ya magofu, na watawala wake waliwakaribisha Waswisi waje kulima. Kisha mwaka 1689 majeshi ya Louis XIV yakaichoma miji ya Heidelberg, Mannheim, Speyer na Worms. Baridi kali ya 1709 ikaua mizabibu hadi mizizi. Mtu aliyekuwa amehama mara moja hakuona ugumu mkubwa wa kuhama tena.

Mwaka 1738 kijana Andreas Huber, mwenye umri wa miaka 15, aliondoka Ellerstadt kwenda Pennsylvania. Njia ilikuwa ya maji: kuteremka Rhine hadi Rotterdam, kusimama bandari ya Uingereza, kisha Atlantiki. Gottlieb Mittelberger, aliyesafiri mwaka 1750 na kuandika kitabu cha kuwaonya wenzake, alihesabu vituo 36 vya forodha kutoka Heilbronn hadi Uholanzi, na kila kituo kilikamua akiba ya msafiri kabla hajaiona bahari. Wasiokuwa na nauli walipanda kwa deni, wakifika wanauzwa kwa bwana wa kumtumikia kwa miaka kadhaa. Mwaka huo wa 1738 unakumbukwa kwa vifo vingi melini. Kijana huyu alifika Philadelphia akiwa hai, na hilo lenyewe ni jambo la kushukuru.

Hapa ndipo hadithi maarufu inapoingia, na naomba niipinge kwa nguvu zangu zote. Karibu kila familia ya Kimarekani yenye jina lililobadilika itakuambia kwamba karani wa bandarini alilikata jina lao. Kituo cha Ellis Island, kinachobebeshwa lawama hiyo zaidi, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na makarani wake hawakuandika majina upya. Walisoma orodha iliyoandaliwa melini kabla ya kufika, wakamlinganisha mtu na mstari wake. Philadelphia ya karne ya 18 ilikuwa tofauti kidogo. Tangu 1727 wanaume wazima waliotoka nje ya himaya ya Uingereza walitakiwa kula kiapo cha utii na kutia saini. Asiyejua kuandika aliweka alama, na karani Mwingereza akaandika jina kando yake kadiri alivyosikia. Mtu mmoja anaweza kuonekana katika orodha tatu za siku moja kwa tahajia tatu. Lakini orodha ile ilifungwa ikawekwa. Hakuna aliyeibeba shambani na kuanza kujiita alivyoandikwa.

Tena kulikuwa na tahajia gani sahihi ya kuharibu? Ellerstadt ilianza kuandikisha raia serikalini mwaka 1798, Wafaransa walipotawala upande ule wa Rhine. Ujerumani yote ilifuata mwaka 1876. Andreas alipoondoka, jina lake lilikuwa mikononi mwa mchungaji wa kijiji, aliyeandika kadiri wino na sikio vilivyomwongoza. Jina halikuondoka Ujerumani likiwa na umbo kamili likaja kuvunjwa Marekani. Liliondoka likiwa sauti.

Ni sauti gani? Hili ndilo ninaloliona tamu kuliko yote. Katika Kijerumani cha Palatinate, "b" ikikaa kati ya irabu mbili haisemwi "b". Hulegea ikawa kati ya "w" na "v". Neno "aber", yaani "lakini", Mpalatinate hulitamka kama "awa". Na "haben", kuwa na kitu, hutamka "hawe". Kwa hiyo jirani akimwita Andreas kutoka upande wa pili wa uzio hakusema "Huba". Alisema "Huva". Sasa mweke Mwingereza asikilize. Anasikia "u", na kwa kalamu yake sauti hiyo mara nyingi ni "oo". Anasikia "v", naye ana "v". Anaandika Hoover. Mtu anayeyaona majina haya mawili kwenye karatasi atasema jina limepotea, ilhali tahajia ya Kiingereza iliihifadhi sauti ya kijiji ambayo tahajia rasmi ya Kijerumani ilikuwa ikiificha. Kalamu ya mgeni ilikuwa aminifu kuliko kalamu ya mwenyeji.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Wajerumani walituachia "Schule", neno lenye herufi sita, tukaandika shule. Walituachia senti yao, "Heller", tukaiita hela, na hadi leo Mtanzania anauliza "una hela?" Herufi zilibadilika ili sauti ibaki, na hakuna mtu wa Tanga anayedhani neno lake limejeruhiwa.

Si majina yote yaliyofuata njia hii. Heinrich Engelhard Steinweg, mtengeneza piano wa Seesen aliyehamia New York mwaka 1850, alitafsiri nusu: "Weg" ni njia, akawa Steinway. Zimmermann wengi wakawa Carpenter, yaani maseremala, maana ikabaki na sauti ikaenda. Na kuna kubadili kwa hofu. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ukoo wa kifalme wa Uingereza uliacha Saxe-Coburg-Gotha ukajiita Windsor, na jamaa zao wa Battenberg wakawa Mountbatten. Mwaka uliofuata mji wa New Berlin, Ohio, uligeuka North Canton. Katika mji huo kulikuwa na kiwanda cha mashine za kufyonza vumbi cha William Hoover, aliyenunua hataza ya mashine hiyo mwaka 1908 baada ya biashara ndefu ya ngozi. Jina la mji lilibidi liondoke. La mwenye kiwanda halikuguswa na mtu, kwa kuwa sikio na kalamu vilikuwa vimekwisha kulipa vazi la Kiingereza tangu zamani.

Ukoo wa Andreas uliteremka kusini hadi mto Uwharrie, North Carolina, kati ya majirani waliosema Kiingereza. Andreas akawa Andrew, watoto wakawa kina Hoover. Jirani zao Wajerumani walioitwa Pfautz wakawa Fouts. Huko wakaingia dhehebu la Marafiki, hao hao wanaojulikana Kaimosi, magharibi mwa Kenya, tangu 1902. Marafiki wengi hawakuweza kuendelea kuishi katika nchi ya watumwa. Wakafungasha kuelekea kaskazini ya mto Ohio, ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1787, na kina Hoover wakafuata njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1854 wakasogea tena, hadi West Branch, Iowa. Jina la mwenye shamba lisilotulia shambani! Hapo, katika nyumba ya vyumba viwili, mhunzi Jesse Hoover alipata mtoto tarehe 10 Agosti 1874. Aliitwa Herbert. Akawa yatima akiwa na miaka tisa, akasomea jiolojia Stanford, na mwaka 1929 akawa rais wa 31 wa Marekani.

Mimi urais wake haunihusu sana usiku huu. Linalonihusu ni chakula. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, shirika aliloliongoza lilipeleka chakula Ujerumani, nao Marafiki wa Marekani wakakigawa kwa watoto. Februari 1947, akiwa na miaka 72, alirudi katika Ujerumani iliyobomolewa, akaandika ripoti, na kuanzia Aprili watoto wa shule katika maeneo yaliyoshikwa na Wamarekani na Waingereza wakapewa mlo wa mchana wa kalori 350 hivi. Walioupata walifika zaidi ya milioni tatu na nusu. Wajerumani waliuita "Hooverspeisung", chakula cha Hoover.

Ellerstadt haikuwamo, kwa kuwa ilishikwa na Wafaransa. Lakini vuka Rhine, chini ya kilomita 20, ufike Mannheim, mji uliokuwa chini ya Wamarekani. Mtoto wa Mannheim akilisoma neno lile kwa kanuni za shuleni kwake, "oo" ni "o" ndefu, na "v" mara nyingi ni "f". Kwenye karatasi hilo ni jina la mgeni kabisa. Ila mjini kwake nako "b" hulegea vile vile kama Ellerstadt. Akiwa kwenye foleni na bakuli lake, akamsikia mtu mzima akilitamka kama Wamarekani wanavyolitamka, alichosikia ni Huva, jina la jirani.