Moyo Kwenda Mbio: Hofu au Maradhi?

Mtu huweza kuketi ametulia, ghafla moyo ukamwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, akadhani anakufa. Huenda hilo ni shambulio la hofu. Kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha hutulia. Lakini maradhi ya moyo nayo hubana kifua, hasa mtu apandapo mlima na mzigo wa kahawa, na maumivu huweza kuenea mkononi au kwenye taya.

Kwa kutazama tu, hali hizi mbili hazitenganishiki. Mgonjwa asiambiwe kwamba ni woga tu. Awahishwe kituo cha afya, apimwe. Moyo ukionekana mzima, hofu hiyo nayo ni ugonjwa, na hutibika.