Kurudi Kazini Baada ya Kubadilishiwa Nyonga au Goti



Tunazungumza nanyi hapa Mnazi Mmoja, mahali ambapo ofisi za mjini hupakana na maduka ya Kariakoo. Si mbali na hapa, Upanga, iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996, ambako upasuaji wa kubadilisha nyonga na magoti hufanyika. Wengi wanaokwenda kupata huduma hiyo huuliza bei ya upasuaji, wala hawaulizi gharama ya siku watakazokaa bila kufanya kazi. Gharama hiyo ya pili ndiyo inayowarudisha watu kazini kabla ya wakati, au kuwapotezea kazi kabisa. Kwa hiyo twasema: maandalizi ya kurudi kazini yaanze kabla ya upasuaji.

Kwanza, mwelezeni daktari kazi yenu kwa ukamilifu. Anayesema tu kwamba anafanya biashara hajamweleza jambo. Aseme kama hupanda ngazi hadi ghorofa ya nne, hubeba marobota, huendesha guta, au hukaa kwenye kigoda mbele ya jiko tangu alfajiri. Kwa kawaida, mwenye kazi ya mezani huweza kurudi baada ya wiki 6 hivi. Mwenye kazi ya nguvu huhitaji miezi 3 au zaidi, na baadhi ya kazi za kubeba mizigo mizito huenda daktari asiziruhusu tena. Aliyebadilishiwa nyonga aulize hasa kuhusu kigoda na choo cha kuchuchumaa, kwa kuwa kuinama sana huweza kuifanya nyonga mpya iteguke. Kiti kirefu chenye mikono ni kifaa cha kazi sawa na mizani.

Pili, mwajiriwa azijue haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti awasilishe cheti cha daktari, na awe ametimiza miezi 6 kazini. Tupige hesabu. Atakayekaa nyumbani siku 90 atapata mshahara kamili kwa siku 63, na nusu kwa siku 27. Mwenye kubadilishiwa magoti yote mawili kwa nyakati mbili ndani ya mzunguko mmoja atatumia siku zile zile 126, hapewi nyingine. Apange tarehe zake akilijua hilo.

Mwajiri naye hana ruhusa ya kumwachisha kazi mtu kwa sababu tu anatembea na gongo. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka kwanza azingatie ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au kupatikana nyingine. Aliyeachishwa isivyo halali apeleke shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ikiwa kiungo kiliharibika kwa ajali ya kazini, aulize pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Tatu, aliyejiajiri hana likizo ya sheria. Mwenye meza ya nguo au genge la nyanya ajumlishe kodi ya pango, marejesho ya mkopo na chakula cha miezi 3, kisha aiongeze hesabu hiyo kwenye bei ya upasuaji. Azungumze mapema na mwenye nyumba, kikundi cha kukopeshana na ndugu atakayeshika biashara. Ikiwa fedha hazitoshi, ni heri kusubiri msimu wa biashara upite, daktari akiridhia.

Nne, dai maandishi. Kabla ya upasuaji, pata makadirio yanayotaja bei ya kipandikizi peke yake, na jibu la bima yako kwa maandishi. Unapotoka hospitalini, chukua stakabadhi, muhtasari wa matibabu, na aina na namba ya kipandikizi. Omba barua inayosema unachoweza kufanya na usichoweza, na kwa muda gani. Neno «kazi nyepesi» pekee kila mtu hulitafsiri apendavyo.

Mwisho, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda au mguu ukivimba na kuuma, acheni kazi mwende hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, hiyo ni dharura. Msingoje hata saa moja.