Dele, Kasha na Mlango wa Kale: Mapambo ya Nyumba Wilayani Mudhaibi

Makala ya juma hili yanaelekea Mudhaibi, wilaya iliyoko katika mkoa wa Sharqiya ya Kaskazini nchini Oman, mahali ambapo mabonde ya mitende yanapakana na mchanga wa jangwa. Maudhui yake ni upambaji wa nyumba kwa vyombo vya shaba, fedha na chuma, hususan vile ambavyo vimekwisha kuacha kazi yake ya awali na kupewa kazi nyingine. Huenda baadhi ya wasikilizaji wakadhani kwamba hilo ni jambo la wenye nafasi na wasio na shughuli. Hata hivyo, katika nyumba za Mudhaibi, na hasa zile ambazo Kiswahili kingali kinasemwa barazani na jikoni, swali la nini kiwekwe ukutani ni swali la nini kimesalia.

Shaba si mgeni katika ardhi hiyo. Katika Wadi Samad, ndani ya wilaya hiyo hiyo, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Mjerumani Gerd Weisgerber, wa Makumbusho ya Uchimbaji Madini ya mjini Bochum, walifukua mabaki ya kijiji cha Maysar, ambako watu walikuwa wakiyeyusha shaba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni vipande vya shaba vilivyogandishwa kwa umbo la mkate wa duara. Maandishi ya kale ya Iraq yanaitaja nchi ya Magan iliyokuwa ikiwapelekea shaba watu wa huko, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba Magan hiyo ndiyo Oman. Kwa hiyo sinia la shaba linapotundikwa katika sebule ya Mudhaibi, halikuja kutoka mbali kama inavyodhaniwa.

Amma nyumba zenyewe, zilibadilika upesi. Hadi mwaka 1970 watu wengi wa Sharqiya waliishi katika nyumba za udongo zenye kuta nene, ambazo ndani yake mlikuwa na vishubaka vya kuwekea taa, mabakuli na vyombo vya kahawa. Mswahili wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa vishubaka hivyo: yeye anaviita vidaka. Baada ya mwaka huo, Sultani Qaboos alipoingia madarakani na mapato ya mafuta yakaanza kutumika kujenga nchi, familia zilihamia katika nyumba za saruji zenye kuta tupu, zisizo na kidaka hata kimoja. Sufuria za shaba zikashindwa na za alumini, ambazo ni nyepesi na hazihitaji kutiwa bati kila baada ya muda. Dele likashindwa na chupa ya kuhifadhi kahawa ya moto. Vyombo vingi viliachwa katika nyumba za kale au vikauzwa kwa kupimwa uzito kama chuma chakavu.

Wakati huo huo walikuwa wakirejea watu kutoka Afrika Mashariki. Sharqiya ni miongoni mwa sehemu za Oman zilizopeleka watu wengi zaidi Unguja, Pemba na hata bara, hadi Tabora na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengi wa wale waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964 hawakupata wasaa wa kufunga mizigo. Kasha la bibi, mirashi ya harusini, kinu cha shaba cha kutwangia kahawa na upatu uliokuwa ukipigwa ngomani vilibaki vilipo. Hii ndiyo sababu katika baadhi ya nyumba hizi mtu anaponunua dele la kale sokoni, analinunua kwa pengo la lile alilolikumbuka mama yake, ingawa lile la Zanzibar na hili la Oman pengine hayakufuliwa na fundi mmoja. Ndani ya nyumba moja chombo hicho kina majina mawili. Watoto wanakiita dalla kwa Kiarabu, na wazee wanakiita dele au mdila.

Mahali pa kwenda kutafuta ni Sinaw. Mji huo ulikuwa sehemu ya wilaya ya Mudhaibi mpaka mwaka 2022, ulipofanywa kuwa wilaya yake wenyewe kwa amri ya Sultani. Soko lake hujaa zaidi siku ya Alhamisi, Mabedui wanapotoka jangwani kuuza ngamia na mbuzi, na kando ya mnada wa mifugo yako maduka ya fedha, majambia na vyombo vya zamani. Nizwa nako, katika Dakhiliya, liko soko lenye wafua fedha wa siku nyingi, ingawa umashuhuri wake kwa watalii umezipandisha bei. Mnunuzi mwenye busara hubeba sumaku ndogo mfukoni. Shaba halisi, iwe nyekundu au ya manjano, haivutwi na sumaku. Chombo kikinasa, basi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Baada ya hapo hukigeuza chombo chini na kukitazama kitako. Dele lililofanya kazi miaka mingi lina weusi wa moto na mabonde madogo, mpini wake umelainika kwa mikono, na pengine limewahi kuzibwa tundu. Lile lililofuliwa mwaka jana kwa ajili ya wageni lina nakshi kali kila upande na kitako safi. Hakuna ubaya kulinunua hilo la pili, mradi lisinunuliwe kwa bei ya la kwanza.

Baada ya kununua, kosa linalofanywa mara nyingi ni kuvirundika vyote pamoja. Sebule yenye madele kumi na mawili, masinia manane na majambia matatu hugeuka duka. Nyumba za Mudhaibi zina kuta nyeupe na jua kali, na shaba ni kitu kinachodaka mwanga. Sinia moja pana juu ya ukuta mtupu, mkabala wa dirisha, hufanya kazi kubwa kuliko masinia sita yanayogombania nafasi. Jambo la pili ni kimo. Vitabu vingi vya mapambo huandikwa kwa ajili ya watu wanaoketi vitini, ilhali katika majlisi ya Kiomani wageni huketi sakafuni, na jicho la aliyeketi sakafuni liko chini kwa kiasi cha sentimita 40 kuliko la aliyeketi kitini. Chombo kilichotundikwa kwa kipimo cha kitabu kitamlazimu mgeni kunyanyua shingo. Kiteremshwe. Usiku, taa nyeupe ya darini huifanya shaba ionekane imefifia kama bati, ilhali taa ndogo ya pembeni huirejeshea rangi yake.

Kasha ni habari nyingine. Waomani hulita mandusi na Waswahili hulita sanduku la Zanzibar, lakini mengi yalitoka Bara Hindi: mti mgumu, mabamba ya shaba yaliyotobolewa kwa nakshi, misumari yenye vichwa vya duara iliyopangwa kwa safu, na mara nyingi visanduku vya siri ndani yake. Kasha lilikuwa la bibi harusi, lenye nguo zake na fedha zake. Leo huwekwa mbele ya makochi na kuwa meza, au hubebeshwa televisheni. Kuliwekea televisheni si dhambi, lakini joto la mashine huukausha mti, ufa ukatokea na misumari ikaanza kulegea. Heri blanketi na mashuka ya wageni ndani, na juu yake chetezo cha ubani. Hapo kasha linabaki karibu na kazi iliyolileta duniani.

Kuhusu usafishaji, akina mama wa pwani walikuwa na elimu ya kutosha: ndimu au ukwaju, chumvi kidogo, kisha maji mengi na kitambaa kikavu. Asidi ikiachwa juu ya shaba huleta kutu ya kijani, kwa hiyo siri iko katika kusuuza. Fedha haitaki ndimu wala msasa. Weusi ulioingia katika mifereji ya nakshi ndio unaoifanya nakshi isomeke, na dawa za kuchovya zinazouzwa madukani huuondoa wote, chombo kikabaki kinameta lakini hakisemi kitu. Aidha, sufuria au dele ambalo bati lake la ndani limekwisha lisipikiwe wala kuchemshiwa kahawa mpaka litiwe bati upya, kwani shaba tupu huyeyuka ndani ya vitu vichachu. Na viraka vya zamani huenda vimeungwa kwa risasi. Likiwa ni la pambo, basi liwe la pambo kweli.

Hata hivyo, kuna vitu viwili ambavyo mapambo haya hugusa na ambavyo havina urahisi wa ndimu na chumvi. Cha kwanza ni mlango. Katika mitaa ya kale ya Sharqiya, kama ile ya Ibra na Mudhairib iliyojengwa kwa fedha za biashara ya Afrika Mashariki, milango ya mbao yenye nakshi na vichwa vya chuma imekuwa ikitafutwa sana kwa kufanywa meza za vioo. Meza hizo zinapendeza, hapana shaka. Lakini nyumba ya udongo iliyong'olewa mlango haina muda mrefu. Mbuzi huingia, mvua huingia, boriti iliyokuwa imekaa juu ya kizingiti hulegea, na kuta hufuata. Mwenye meza hiyo huko mjini amepata mbao moja na mtaa umepoteza nyumba. Mlango uliokwisha kuanguka pamoja na nyumba yake ni halali kuokolewa. Ule uliosimama ni bora ubaki unafungwa na kufunguliwa. Mwuzaji akiulizwa mlango ulitoka wapi, namna anavyojibu hutosha kumwongoza mnunuzi.

Cha pili ni fedha. Kwa karne mbili fedha nyingi ya mapambo ya Oman ilitokana na reale za Maria Theresa, zile sarafu za Austria zenye tarehe ya 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, ambazo ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo muda mrefu baada yake. Kila moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha safi. Zilitumika Unguja, zilitumika Sharqiya, na wafua fedha walizichoma wakafua vikuku, mitali na vito vya shingoni. Mwanamke alipofariki, vito vyake mara nyingi viliyeyushwa na kufuliwa vipya kwa bibi harusi mwingine. Kwa hiyo anayesema kuwa kuyeyusha ni kuvunja mila hana haki kamili. Kuyeyusha kulikuwa mila. Tofauti ya leo ni kwamba kinachoyeyushwa hakifuliwi tena kikuku, bali huondoka kikiwa kipande cha kupimwa. Mafundi wanaojua kukifua ni wachache, ijapokuwa serikali ilianzisha mwaka 2003 mamlaka maalumu ya kazi za mikono, na ijapokuwa mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa jambia katika orodha ya urithi wa binadamu. Kikuku kimoja cha nyanya, kilichowekwa ndani ya fremu yenye kitambaa cheusi, ni pambo tosha la ukuta mzima wa ushoroba.

Inafaa pia kuashiria kwamba kinachookotwa ardhini si cha mwenye kukiokota. Katika wilaya yenye makaburi na matanuru ya kale kama Mudhaibi, kipande cha shaba kilichotoka mchangani ni mali ya historia ya nchi, na sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kuchimba bila kibali. Sokoni ununue, mchangani uache.

Wasikilizaji walio mbali na Sinaw hawakukosa pa kuanzia. Mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam na wa jua kali huko Gikomba, Nairobi, hugeuza mapipa na mabati kuwa majiko, masanduku na vibweta, na Lamu mbao za majahazi yaliyokufa hufanywa fremu na viti, misumari yake ya chuma ikiachwa ilipo. Mswahili wa Leicester au Toronto anayepita katika maduka ya vitu vilivyotumika anaweza kukutana na sinia la shaba la Kihindi kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu aliyelirithi hajui lilikuwa likibeba nini.

Mwaka 2015 UNESCO ilikwisha kuiorodhesha majlisi, na kahawa ya Kiarabu pamoja nayo, kwa maombi ya Oman na majirani zake watatu, yaani Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu na Qatar. Ndani ya majlisi za Mudhaibi kahawa ya kila siku sasa humiminwa kutoka katika chupa yenye kifuniko cha plastiki. Dele liko juu ya rafu. Lakini katika nyumba kadhaa asubuhi ya Idi hushushwa, hupelekwa uani juu ya makaa lichemshwe kwa iliki, na fundi wa bati amekwisha kulipitia ndani kabla ya mfungo kwisha. Likirudi rafuni jioni linakuwa jeusi tena kitako, na hakuna anayelisugua.