Shibe Isiyolisha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwenye kusema na asiyesema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, tunajiusia nafsi zetu na nyinyi kumcha Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Hapa kisiwani Pemba, tangu Konde mpaka Mkoani, nyumba nyingi za shamba hufuga ng'ombe au mbuzi, na aghalabu mnyama hufungwa kamba. Mnyama huyo hana hiari ya malisho. Riziki yake ni urefu wa kamba yake. Pakiwa na majani atakula majani, na pakiwa na mfuko wa plastiki ulionukia chakula, ataula nao.

Tuzingatie yampatayo. Ng'ombe huzoa majani kwa ulimi, akayameza kabla ya kuyatafuna sawasawa, kisha akayacheua. Katika tumbo lake la kwanza mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huyachachusha majani yakawa asidi ziingiazo katika damu. Humo ndimo apatamo sehemu kubwa ya nguvu zake. Plastiki haichachuki. Hujisokota pamoja na kamba na nyuzi ikawa donge, ikashika nafasi ya majani. Tumbo likajaa, hali mwili una njaa. Mnyama akaanza kutumia mafuta ya mwili wake mwenyewe: maziwa yakapungua, mbavu zikaonekana, na mwenyewe akashuku husuda ya jirani, kumbe adui ni mfuko alioutupa kwa mkono wake.

Wala madhara si ya vipande vikubwa tu. Jua na mawimbi huivunjavunja plastiki ikawa chembe ndogo mno. Mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walieleza majaribio yao juu ya minyoo ya mchanga wa pwani. Iliyowekwa penye chembe nyingi za plastiki ilikula kidogo, chakula kikakawia tumboni, na akiba yake ya nguvu ikapungua hata kufikia nusu. Nasi wavuvi twajua kwamba minyoo ni chakula cha samaki.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafanya hivyo mwaka 2019. Lakini sheria humzuia mwenye duka, haikeshi jaani. Anayekesha ni dhamiri ya Muislamu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhadithia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Je, tutajibu nini sisi tunaomfunga ng'ombe penye taka, kisha tukamhesabu kuwa ameshiba? Na tunapotafuta mnyama wa udhiya, twajua kwamba aliyekonda akaishiwa na uboho hafai.

Basi kabla ya kufunga kamba, tuikague ardhi na kuokota mifuko na nyuzi. Twende sokoni na vikapu vyetu vya ukili. Tuwafunze watoto kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, na njia ya mnyama ni njia pia.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waaminifu kwa viumbe Wako uliotukabidhi, wala usitufanye sababu ya njaa yao. Amin.