Mwenye Duka Aliyeifuata Reli
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Msambweni)



Mlituagiza tuseme juu ya duka la ushirika ambalo tawi la huku Kwale lataka kulifungua. Sisi ni watu wa reli. Kazi yetu ni chuma na grisi, si sukari na chumvi. Lakini katika habari za reli yumo mtu mmoja aliyeijua kazi ya duka kuliko wengi wa siku zake, na tumeona heri tuanze naye. Jina lake Allidina Visram.

Alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851. Mwaka 1863 alivuka bahari, kijana wa miaka kumi na miwili, akafikia Bagamoyo, na huko akaja kutumika kwa Sewa Haji Paroo, mtayarishaji wa misafara ya bara. Hakuja na mali, alikuja kutumika. Desturi ya maduka yale twaijua, maana imedumu sana pwani hii. Kijana hufagia, hubeba, hupima, hulala papo hapo penye magunia. Akiisha kuijua mizani hufundishwa daftari: nani amechukua nini, atalipa lini, bidhaa gani huoza upesi na gani yaweza kungoja. Baada ya miaka kadhaa tajiri humpa mali kwa mkopo akafungue mahali pake. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya biashara.

Sewa Haji alipokufa mwaka 1897, Visram aliishika biashara ya misafara: nguo, shanga na chumvi kwenda bara; pembe, ngozi na nta kurudi pwani. Mwaka uliotangulia, 1896, reli ilikuwa imeanza kujengwa Mombasa, ikafika Kisumu 1901. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Watu hao walitaka unga, mchele, dengu na samli kila siku, hata pale nyikani pasipo na kijiji. Visram akafungua maduka kandokando ya njia. Reli ikisogea, na duka linasogea. Halafu akaingia Uganda. Mahali fedha ilipokuwa adimu alipokea ufuta, njugu na ngozi, akatoa nguo. Akaongeza viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta. Na wengi waliokuwa makarani wake walitoka wakafungua maduka yao wenyewe. Kwa sababu hiyo twamwita mwalimu, ijapokuwa hakushika chaki.

Sasa tuseme wazi, maana wengine wenu mmeanza kunong'ona. Ndiyo, shule hiyo haikumfungulia Mwafrika mlango. Mwafrika alikuwa mpagazi, au kibarua wa nyuma ya duka. Tusiseme ni roho mbaya tu. Mkopo ulikwenda kwa udugu: kijana akitoroka na mali, baba yake na jamaa zake waliulizwa. Sisi hatukuwa na wa kutudhamini, na serikali ya kikoloni ikaweka sheria ya kubana mkopo wa biashara kwa Mwafrika, ati kumlinda. Hata shule yenye jina la Visram pale Mombasa, iliyofunguliwa 1923, ilikuwa ya watoto wa Kihindi wakati wa ukoloni. Sewa Haji, kwa haki yake, alitoa nyumba Bagamoyo iwe shule, kwa sharti isibague taifa.

Visram alikufa mwaka 1916, kwa homa aliyoipata safarini Kongo. Mwanawe Abdulrasul akafa 1923, na biashara ile kubwa ikavunjika. Kwa maoni yetu, mambo mengi mno yalikaa katika kichwa cha mtu mmoja.

Ndipo twafika kwenye ugomvi wa tawi hili: tukopeshe, au tusikopeshe? Mfano wa pili watoka Rochdale, Uingereza. Mwaka 1844 wafanyakazi 28, wengi wao wafumaji, walifungua duka la unga, siagi, sukari na mishumaa. Walikata shauri: mizani ya haki, fedha taslimu, na faida kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Baadaye wakatenga sehemu ya faida kwa elimu. Hawakukopesha, nao walikuwa maskini kama sisi.

Twajua mnavyojibu: mwisho wa mwezi mtoto atakula nini? Hata sisi tumeishi kwa daftari ya deni, tumepokea mshahara na kuupeleka dukani wote, na kurudi na deni jipya. Lakini hesabuni. Tuseme wanachama 100 watoe hisa ya shilingi 500 kila mmoja, ni 50,000. Wanachama 40 wakikopa bidhaa za shilingi 1,000, zimebaki 10,000. Tajiri wa jumla Mombasa ataka fedha mkononi. Gunia la pili la sukari mtalivusha Likoni kwa nini? Visram aliweza kukopesha kwa kuwa mali yake ilikuwa nyingi, na tena alipokea mazao. Ninyi mna mishahara tu.

Basi shauri letu ni hili. Msikopeshe mwaka wa kwanza. Chagueni vijana wawili, mmoja awe msichana, wakae miezi sita katika duka la jumla wajifunze mizani na daftari, na tawi liwalipie nauli na chakula. Mmoja wao baadaye apelekwe kusomea ushirika. Mafunzo hayo yalianza Kenya mwaka 1952, na siku hizi kuna chuo kikuu kizima cha kazi hiyo. Na daftari za duka zisomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi, siyo mbele ya kamati peke yake.

Kura ni Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa tisa alasiri. Majina ya vijana yapelekwe kwa katibu kabla ya siku hiyo.