Nilichosoma chuoni, na nilichosoma kwenye bomba

(Hotuba ya mhamasishaji wa shirika la mahali petu mbele ya familia zilizohama, familia zilizowapokea na viongozi wao, Kivu Kaskazini)

 

Juma lililopita, tulipokuwa tukigawa sabuni, mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, wanasema umefika chuo kikuu. Ulisomea nini?" Nikamwambia saikolojia ya jamii. Akauliza: "Hiyo inatibu nini?" Watu walicheka, nami nikacheka, lakini sikuwa na jibu. Leo nataka kumjibu, naye nimemwona ameketi pale nyuma.

Elimu hiyo huchunguza jinsi mtu anavyobadilika akiwa kati ya wengine. Kwa nini baba aliye mpole nyumbani kwake hurusha jiwe akiwa ndani ya kundi? Nilisoma Kisangani, miaka mitatu ile ya kwanza tuliyoiita gradua. Wengi hudhani huko tulifundishwa kusoma mawazo ya watu. Sivyo. Sehemu kubwa ilikuwa kujifunza kuuliza swali bila kumtilia mtu jibu kinywani, na kulinganisha makundi mawili kwa hesabu. Vijana mnaotaka kuisomea, msiikimbie takwimu.

Somo nililolipenda zaidi lilikuwa la Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyekulia katika miaka ya vita, kisha akafundisha Marekani. Mwaka 1954 aliwapeleka watoto wa kiume 22, wa umri wa miaka 11 hivi, kwenye kambi ya likizo huko Oklahoma, akawagawa makundi mawili. Walikuwa watoto wa dini moja na maisha yanayofanana. Aliwashindanisha kwa michezo yenye zawadi. Baada ya siku chache walikuwa wakitukanana, wakichomeana bendera na kuvamiana usiku. Kisha akawakutanisha kula pamoja na kutazama filamu. Wakarushiana chakula! Kilichowasogeza kilikuwa shida ya wote. Maji ya kambi yalikatika, ikabidi makundi yote mawili yatafute penye kasoro. Gari la chakula likakataa kuwaka, wakalivuta kwa kamba moja.

Baadaye nilisoma habari ambayo darasani hatukuisikia. Mwaka 1953 Sherif alikuwa amejaribu na watoto wengine, nao wakakataa kugombana. Wale walikuwa wamefahamiana kabla ya kutenganishwa. Kwangu mimi habari hiyo ina uzito kuliko ile ya mwaka uliofuata.

Mtihani huo niliufaulu vizuri. Kazini nikausahau.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilitumwa mahali penye bomba moja, wenyeji upande huu na waliohama upande ule. Kila asubuhi ugomvi wa mstari na bidoni. Nikaitisha mkutano, nikasema kila upande utoe uchungu wake, mioyo itulie. Walitoa. Saa tatu nzima walitoa, mpaka mambo ya mababu. Mimi niliandika kwenye daftari, nikajiona mpatanishi. Kesho yake asubuhi tulikuta bidoni za waliohama zimetobolewa kwa kisu, na mama mmoja alipigwa akiwa na mtoto mgongoni. Mkutano ule niliuitisha mimi. Sitaki mtu mwingine abebe lawama yake.

Ndipo nikakutana na utafiti uliofanywa hapa hapa mashariki ya Kongo na Elizabeth Levy Paluck, ukachapishwa mwaka 2010. Kulikuwa na mchezo wa redio unaofundisha amani. Sehemu fulani watu walisikia mchezo tu. Sehemu nyingine waliongezewa kipindi cha kuwahimiza wajadiliane. Baada ya mwaka mmoja, walioongezewa kipindi walizungumza zaidi, ndiyo, lakini walikuwa wamekumbuka zaidi maudhi yao, wakawa wagumu zaidi kumvumilia na kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda. Nilipousoma nililiona lile daftari langu.

Sisemi tunyamaze. Mwenye kuuawa ndugu ana haki ya kusema, na mahali pa kusema, mbele ya mtu anayejua kusikiliza. Lakini kuwaweka watu mia uwanjani wafunguliane vidonda bila kazi yoyote ya pamoja, hilo sitalirudia.

Kule kwenye bomba tulianza upya kwa swali dogo: kwa nini maji ni haba? Bomba lilikuwa limepasuka juu mlimani. Wenyeji walijua njia yake. Kati ya waliohama kulikuwa na fundi. Kamati ikawa nusu kwa nusu, ufunguo ukashikwa kwa zamu ya juma, mwenyeji juma hili, aliyehama juma lijalo. Hawakupendana ghafula. Ugomvi wa mstari ulipungua, na watu wakaanza kujua majina. Shamba lililochukuliwa, na bunduki, hayo hayaponi kwa ufunguo wa bomba, na Sherif hakuyapima.

Sasa jambo la hapa kwetu. Mfereji ulio kati ya kambi na mtaa umeziba, na mvua ikija maji yanaingia pande zote mbili. Naomba Jumamosi iwe salongo. Viongozi, tafadhali msiwapange watu kwa bloku wala kwa kijiji walikotoka. Chefu wa mtaa na rais wa kambi wachanganye majina ndani ya kofia, wayatoe watano watano, na kila kundi lipewe kipande chake. Majembe yetu ni tisa tu. Mwenye lake alilete.

Na wewe mama wa pale nyuma, kama bado una swali, simama uliulize, kisha tusikie wengine.